Mwenye Taza na Ufuko wa Koyama

Mtu akishuka chomboni Koyama, kisiwani kwetu, kabla hajajua aweke wapi mguu, alimkuta mzee mrefu aliyepandisha kikoi mpaka magotini, kasimama ndani ya maji, kamnyooshea mkono. Ukidhani ni mkono wa kukusaidia kushuka, ulikosea. Mkono ulikuwa wa kudai.

“Nipe la kheri kwanza,” alisema.

Hakuwa na mzaha katika jambo hilo. “Hatujambo” haikuhesabika, wala “bahari shwari,” maana bahari aliiona mwenyewe. Alitaka habari moja njema, mpya, ya huko ulikotoka, na mpaka uitoe alikuwa ameshika kamba ya chombo, haachii. Namkumbuka mchuuzi mmoja wa Kismayo, ametapika njia nzima, amekumbatia gunia lake la unga, akamwambia kwa hasira kwamba hana la kheri wala la shari, ana kichefuchefu. Mzee akamjibu, “Basi rudi Kismayo ukalitafute, sisi twakungojea papa hapa.” Yule bwana akafikiri, akakuna kichwa, mwishowe akasema vitunguu alivyopakia safari ile havikuoza hata kimoja. Mzee akaachia kamba. “Hilo la kheri. Shuka, mwana wangu.”

Sisi tulimwita Mwenye Taza. Taza ni samaki mwembamba mwenye kitu kama soli ya kiatu juu ya kichwa, na akigusa kitu hukiganda. Wazee wetu walimfunga uzi mkiani, wakamfuga katika kidimbwi cha ufukoni na kumlisha kwa mkono. Wakiona kasa baharini, humtupa taza upande wake. Taza akishamganda kasa gambani, mvuvi huvuta uzi taratibu, na kasa huja hata akiwa mzito kuliko watu wawili. Mafundi wa kazi hiyo walikuwa wengi visiwani kwetu, na yeye alikuwa fundi wao. Kichwa cha kasa alikiona mbali, mahali ambapo wenzake waliona maji matupu. Na akitazama alama za kasa mchangani alikwambia alipanda saa ngapi, ametaga au amerudi na mayai yake, na bega lipi linamuuma. Macho yake aliyaringia kuliko kitu chochote alichokuwa nacho, akiwamo marehemu mkewe, na mkewe alilisema hilo waziwazi mbele za watu.

Mimi nilimjua nikiwa mtoto wa kutumwa moto kwa jirani. Nyama ya kasa aliyoigawa yeye ndiyo niliyokulia, kwani akivua, kila nyumba ilipata. Sufuria ya kupikia kasa ilikuwa moja kwa mji mzima, kubwa, ya chuma kizito, na aliyekuwa akiikalia alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwanamke mfupi mwenye goti bovu na ulimi mzima. Yeye ndiye aliyekuwa akiyeyusha mafuta ya kasa na kuyauza kwa wenye vifua na viungo. Mzee alivua, shemeji alipika, na wote wawili walikuwa hawaachi kutaniana. Mzee alimwambia mchuzi wake umejaa chumvi, naye shemeji akamwambia kasa wake ni mzee kuliko babu yake.

Vita vilipoanza Somalia tulikimbia. Wengi wetu tulifika Mombasa, tukawekwa kambini, na huko nikamwona tena Mwenye Taza, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anakunjakunja uzi mrefu ambao haukuwa na kitu mwisho wake. Ulikuwa ni uzi wa taza. Siku ya kuondoka Koyama, watu walipokuwa wakigombania nafasi chomboni, yeye alikwenda kidimbwini, akamfungua taza wake mkia na kumwachia. Mkewe alimpigia kelele kwamba watu wanaokoa magodoro na yeye anaaga samaki. Nilipomuuliza kambini kwa nini alifanya vile, alisema, “Sikuweza kumwacha na uzi. Nani angemfungua?”

Palikuwa na habari chache za kheri kambini, lakini alizitafuta. Alipita asubuhi baina ya mahema akiuliza nani amepona homa, nani amepata barua, nani mtoto wake ameanza kusema. Akazibeba kutoka hema hadi hema. Mama yangu, aliyekuwa na huzuni isiyokwisha miaka ile, alikuwa akimficha kila kitu kwa makusudi, ili aje tena kesho kumdai. Nakumbuka asubuhi moja alimwambia, kwa sauti ya mtu aliyelazimishwa, kwamba usiku amelala mpaka alfajiri. Mzee akaondoka na habari hiyo akaitangaza kambi nzima, na mama yangu akaona haya wiki nzima, lakini nilimwona akicheka peke yake jikoni.

Wengine wakaenda Ulaya. Mimi nikabaki Mombasa kushona sare za shule. Yeye akarudi Koyama mara tu njia ilipopitika, na shemeji yake akamfuata na sufuria yake, ambayo alikuwa ameizika mchangani kabla ya kukimbia na akaikuta pale pale. Sisi tuliotawanyika tukaunganishwa na simu. Tuna kikundi chetu cha ujumbe, watu wa Koyama walio Mombasa, walio makambini, walio Ulaya, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kukisimamia. Kusema kweli kilikuwa ni kikundi cha tanzia. Simu ikilia nilikuwa nikijua kuna mtu amekufa. Tulikuwa na maneno yetu yale yale ya rambirambi, tunayanakili tu na kubadilisha jina. Vijana waliozaliwa Ulaya wakaanza kujitoa mmoja mmoja, na sikuwalaumu. Kwao Koyama ilikuwa mahali ambapo watu hufia.

Sasa nisimfanye malaika. Mtu huyu aliyedai la kheri kwa kila mgeni alikuwa na hasira za karibu. Hakujua kusifu. Ukimpikia wali mzuri alisema, “Haukuungua,” na hiyo ndiyo ilikuwa tuzo kubwa. Paka aliwachukia wazi, akiwatupia kandambili. Aliweza kushika papa mdomo, lakini akiona sindano ya mkunga anatoka nje. Na hata baada ya kuacha kula kasa, alikiri kwangu siku moja kwamba bado humwota: anajiona amekaa na sahani, mchuzi unatiririka mpaka kiwikoni, na akiamka hukasirika na nafsi yake hadi adhuhuri.

Jinsi alivyoacha, alizoea kuieleza namna mbili. Namna ya kwanza, ambayo aliipenda zaidi, ni kwamba alimkuta kasa mkubwa ufukoni ana kovu la uzi begani, akatambua ni yule aliyemponyoka kabla ya vita, na wakatazamana. Mimi hiyo siiamini sana. Namna ya pili aliieleza mara moja tu, tukiwa tumekaa wawili, na hiyo naiamini. Alisema aliporudi Koyama alitafuta taza mpya, akamfunga uzi, akangoja msimu wa kasa kupanda. Kila alfajiri akazunguka ufuko. Akaenda Ngumi, akaenda Fuma, visiwa vya jirani, akatazama na huko. Msimu mzima hakuona alama hata moja.

“Mchanga ulikuwa safi,” aliniambia kwa Kibajuni chetu, ambamo mtu ni mchu. “Nilikaa nikafikiri, nani aliyewamaliza? Si mchu wa mbali. Nilipiga hesabu ya wale niliowavuta kwa mkono huu, nikaacha kuhesabu. Ni mimi, mwana wangu. Mimi na wachu wangu.”

Akamfungua na yule taza wa pili. Tangu siku hiyo akawa na shida moja tu duniani: alitaka kasa warudi Koyama, na awaone kwa macho yake kabla hajafa. Hakutaka kuambiwa kwamba wamerudi. Alitaka kuona.

Mwaka mmoja akapanda kasa mmoja, akataga. Mzee akaogopa maji ya bamvua yatafika kwenye mayai, akayafukua yote ili ayahamishe juu. Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo lingefanywa na Mbajuni tu. Maisha yake yote mayai ya kasa aliyajua ya kula, na mayai ya kula hutolewa mchanga kwanza. Basi akayaosha. Akachota maji ya kisima, akayaosha moja moja kwa adabu zote, akayapanga katika shimo jipya, akasoma Fatiha, akafukia. Akangoja miezi miwili na zaidi. Yalioza yote. Daktari mmoja wa samaki aliyepita visiwani ndiye aliyemweleza kwamba yai la kasa likishakaa mchangani haligeuzwi, sembuse kuogeshwa. Mzee hakutoka nyumbani siku tatu. Shemeji yake alimwambia mlangoni, “Afadhali ungenipa nikayachemsha,” na nadhani alikuwa anataka kumchekesha, lakini hakucheka.

Msimu mwingine tena alikuja kasa, akataga mahali pazuri, mzee akaapa kutogusa hata chembe. Alizungushia vijiti. Asubuhi moja akakuta shimo tupu. Koyama ni ndogo, na goti bovu huacha alama yake: mguu wa kushoto unaburura kisigino. Alimfuata kwa alama mpaka uani kwake, akamkuta shemeji anakula. Shemeji hakukana. Alisema goti lilimuuma, na kwamba bibi yake alikula mayai ya kasa, na mama yake alikula, na hajui tangu lini kasa wamekuwa jamaa zake mzee na yeye amekuwa mtu kando.

Wakanuniana msimu mzima. Ila mke wa mzee alikuwa ameshafariki, na mpishi wake alikuwa shemeji huyo huyo. Kwa hiyo ikawa kila siku samaki anapitishwa mbichi juu ya ukuta na kurudishwa juu ya ukuta amepikwa, na hakuna anayesema kitu. Mji mzima ulikuwa ukienda kutazama. Alipochoka kununa, mzee alipokea sahani ya wali na samaki siku moja akasema kwa ukuta, “Haukuungua.” Wakapatana, lakini kumwamini hakumwamini tena, na hilo lilimuuma shemeji zaidi ya goti.

Kisha macho yakaanza kuingia ukungu. Aliyekuwa akiona kichwa cha kasa mbali sasa alimwita mbuzi kwa jina la jirani. Tukacheka mwanzoni. Kumbe ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na yeye hakumwambia mtu, alijifanya tu anatania. Nilipokwenda Koyama kutembea nikamkuta amesimama majini kama kawaida, mkono mbele. Nikampa la kheri langu, kwamba binti yangu amefaulu mtihani. Akasema, “Hilo la kheri. Na wewe ni nani?” Nilikuwa mbele yake pale pale. Nilimshika ule mkono nikalia, nikamwambia ni maji ya bahari.

Shemeji ndiye aliyenieleza yaliyotokea siku chache kabla ya mimi kufika. Alfajiri alimwona mzee ufukoni amepiga magoti, anatambaa, anapapasa mchanga kwa viganja viwili. Alidhani amepoteza pete. Akakaribia, akaelewa: anatafuta alama za kasa kwa mikono, kwa vile macho hayampi tena. Na mbele yake, hatua kama kumi kutoka alipokuwa akipapasa, palikuwa na alama pana, mbichi, zimepanda hadi juu na kushuka. Mzee alikuwa anatambaa kuelekea upande mwingine.

“Ningenyamaza,” shemeji aliniambia. “Ningengoja aondoke, niyachimbue mayai, nani angejua? Hata kipofu huyu asingejua.” Akafuta pua kwa ncha ya leso. “Lakini kumwona vile, mchu aliyekuwa akiringa vile, sikuweza. Nikamwambia, shemeji, geuka, kuna mgeni kapita mlangoni kwako.”

Mzee hakuamini. Alimwambia asimfanyie dhihaka. Shemeji akamshika mkono, akautia ndani ya ile alama, na akauacha pale.

Basi nilipofika mimi alikuwa amehamia ufukoni. Alikaa karibu na kiota kutwa kucha, chini ya kijibanda cha makuti, na uzi wake wa taza mkononi. Kila asubuhi alipiga fundo moja. Alikuwa anajua mayai hutaka kama siku sitini, basi alipapasa mafundo na kujua amefika wapi. Nikatuma habari katika kikundi: kasa ametaga Koyama. Nilituma na sauti ya mzee akieleza. Nilidhani watu wawili watatu watajibu. Simu haikunyamaza siku nzima. Wale vijana wa Ulaya waliojitoa wakaomba kurudishwa, wakawa wananiuliza kila asubuhi mzee amepiga fundo la ngapi.

Fundo la hamsini na kitu lilipopigwa, nami bado nipo Koyama, ndipo ikaja habari kutoka Kismayo kwamba kuna madaktari wa macho wamekuja, wanaondoa mtoto wa jicho siku hizo hizo, na baada ya hapo wanaondoka. Nilimkimbilia. Nilimpa habari hiyo kama anavyotaka, la kheri kwanza. Akasema, “Siendi.”

“Ami, hawatarudi karibuni.”

“Na hawa je? Wakitoka siku nisipokuwapo? Kaa watawatafuna, paka watawatafuna.” Akapaza sauti. “Na si kaa na paka peke yao.”

Alilisema hilo akijua shemeji yupo nyuma yake. Shemeji akageuka akaenda zake mjini. Nilimkasirikia mzee siku ile, na nilimwambia. Nilimwambia anataka kuona kasa na anakataa macho ya kuonea. Akaendelea kupapasa mafundo yake, na mimi nikaona ameshindwa achague lipi, na kwamba anaogopa.

Adhuhuri tukasikia chuma kinagongwa mjini, ngo, ngo, ngo, hakikomi. Baadaye shemeji akaja ufukoni anachechemea, anaibingirisha ile sufuria kubwa mchangani kama gurudumu. Alikuwa ameikata kitako. Ameitoboa pande zote kwa patasi na nyundo mpaka kitako kimeng'oka. Akaisimamisha juu ya kiota, ikawa ukuta wa duara wa chuma, kaa haingii, paka haruki. Akamshika mzee mkono, akaupeleka ndani ya sufuria, mpaka chini, mzee akashika mchanga.

“Kitako ki wapi?” mzee akauliza.

“Nimekitupa baharini. Sasa niambie nitakupikia kasa kwenye nini. Kwenye kiganja?”

Mzee akazungusha mkono ukingoni mwa sufuria ile, mahali palipokatwa, taratibu, na nadhani alihesabu wote waliopita humo. “Jua likitua lazima uiondoe,” alisema, “wakitoka wakaikuta watazunguka humo humo mpaka wafe. Na asubuhi uirudishe.”

“Najua.”

“Usilale.”

“Lini nimelala na goti hili?”

Akamkabidhi uzi wa mafundo. Kwa mtu yeyote mwingine huo ni uzi tu. Shemeji aliupokea kwa mikono miwili.

Safari ya Kismayo ilituchukua asubuhi hadi adhuhuri, na mzee hakusema ila kuuliza kama jua limetua, jua likiwa utosini. Hospitalini alikuwa ni aibu tupu. Aliyevuta kasa kwa uzi aliuliza kwa Kisomali kama wana dawa ya kunywa badala ya sindano. Muuguzi, msichana mpole, alimwita adeer, yaani ami kwa Kisomali, akamwambia atahesabu mpaka kumi na itakuwa imekwisha. Mzee akamwambia, “Kabla hujanigusa, nipe la kheri kwanza.” Muuguzi akanitazama, nikamweleza. Akafikiri, kisha akasema mama yake alikuwa kipofu miaka minne, na mtu wa kwanza ambaye mama huyo alimwona alipofunguliwa bandeji alikuwa yeye, katika chumba kile kile. Ndiyo maana akasomea kazi ile. Mzee akalala chali, akafumba mdomo, akanyoosha mkono apigwe sindano.

Walimfanyia jicho la kulia. Usiku kucha tulikaa Kismayo. Asubuhi walipomfungua alitazama dari, akatazama dirisha, akanitazama mimi. Alitazama sana. Nikangoja aseme neno la maana.

“Umezeeka,” akasema.

Sijawahi kufurahia tusi kama hilo maishani mwangu. Nilikuwa nimeirekodi sauti ile, nikaituma katika kikundi, na nilivyosikia, watu walipiga vigelegele mpaka huko kwenye theluji.

Tulikaa Kismayo siku mbili zaidi kwa amri ya daktari. Simu ya Koyama haikushika siku hizo mbili. Mzee alivaa miwani myeusi, akatembea sokoni akisoma kila kibao kwa sauti, lakini kila jua likishuka aliuliza kama sufuria imeondolewa kiotani. Siku ya kurudi, tulipokaribia kisiwa, niliona jambo la ajabu. Ufukoni hapakuwa na mtu. Hakuna wanaoosha vyombo, hakuna watoto, hakuna mashua iliyovutwa juu. Kisha nikawaona watu wa mji wamejazana upande wa mawe, huko nyuma, mahali pasipotua chombo chochote kwa ubaya wa miamba, na wanatupungia tuje huko.

“Wamepata wazimu?” mzee akasema. “Ndia ya kutua ni ile.”

Nahodha akafuata mikono ya watu. Tukagonga jiwe mara mbili, mzee akalaani mara mbili, na tukashuka kwenye miamba kwa kubebwa. Lakini hakuna aliyemwachia kupita. Shemeji alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka magotini, leso imelowa, kamnyooshea mkono.

“Nipe la kheri kwanza,” alisema.

Mzee akamwangalia. Miaka mingi alikuwa hajamwona uso. “Una leso ya manjano,” alimwambia, “na umeivaa kinyume.”

Mji ukalipuka kwa vigelegele. Shemeji hakupiga. Alimshika mkono, akampitisha nyuma ya nyumba, na sisi sote tukafuata nyuma yao, tukatokea juu ya ufuko, chini ya kijibanda. Sufuria ilikuwa imelazwa kando. Kutoka kiotani mpaka chini, mchanga wote ulikuwa umefunikwa makuti, yamepangwa na kukandamizwa kwa mawe yasipeperuke.

Kasa wadogo walikuwa wametoka usiku wa juzi, kabla ya alfajiri. Shemeji peke yake ndiye aliyewaona. Kulipopambazuka alikwenda akagonga kila mlango, akakataza mtu kukanyaga ufuko. Tangu hapo watu walizunguka nyuma ya mji kuchota maji, wavuvi wakatolea mashua zao miambani na kuzichubua, na watoto walifungiwa ndani wakilia. Walifanya hivyo siku mbili, watu ambao hakuna hata mmoja wao ambaye hakukulia nyama ya kasa.

“Nilijua ukiambiwa hutaamini,” shemeji alisema. “Ondoeni makuti.”

Wakayaondoa, kuti baada ya kuti. Na pale chini, mchangani, zilikuwapo alama. Ndogo, kila moja haifiki upana wa kiganja, nyingi mno, zimetoka mahali pamoja na kutawanyika kuelekea majini. Za chini kabisa zilikuwa zimechukuliwa na maji. Zilizobaki zilikuwa nzima kama zilivyoachwa.

Mzee akavua miwani. Akapiga magoti, na safari hii hakupapasa. Akaanza kusoma. Alisema huyu alitangulia, alikuwa na haraka. Huyu mvivu, alipumzika hapa. Hawa wawili waligongana. Huyu alipotea akaelekea mjini, kisha akageuka, sijui nani kamgeuza. Alisoma kwa sauti, alama baada ya alama, mashavu yamelowa na hajali, nami nilikuwa nimeshika simu juu ya kichwa chake, na makambini, na Mombasa, na Ulaya wakamsikiliza.

Katikati ya alama zile zote palikuwa na nyayo za mtu mmoja tu, mguu wa kushoto umeburura kisigino. Mzee akazifuata kwa macho mpaka zilipokoma. Mahali hapo nyayo mbili zilikuwa zimezama sana, kama za mtu aliyesimama muda mrefu bila kutikisika, na kwenye ule wa kushoto alama ndogo ilikuwa imefika upande mmoja na kutokea upande wa pili.

Akainua uso. “Huyu alikupita juu ya mguu.”

“Naam.”

“Hukuuondoa.”

“Walikuwa wamenizunguka pande zote,” shemeji alisema. “Ningeuondoa niuweke wapi?”

Mzee akabaki amepiga magoti, anautazama ule wayo kwa jicho lake jipya. Halafu akaomba makuti, akaufunika yeye mwenyewe, ule mmoja, akaweka mawe pembeni.